Milima Miwili kwenye Kamera ya Zuurakan

Saa moja asubuhi, juu ya kilima kilicho kusini mwa Bishkek, Zuurakan Esenalieva amesimama na kamera jichoni. Kiwiko cha kushoto amekibana ubavuni ili mkono usitikisike. Mkono wa kulia umeshika bisibisi nyembamba kama njiti ya kiberiti. Mbele yake, ng'ambo ya mashamba na vijiji, milima imesimama na theluji yake ambayo hata mwezi huu wa Agosti haijayeyuka yote.

"Mlima umekuwa mmoja?" anauliza mumewe, Sovetbek, aliyeketi kwenye kiti cha kukunja.

"Subiri."

"Nauliza tu. Chai inapoa."

"Chai imo ndani ya chupa, itapoaje? Hebu nyamaza kidogo."

Anazungusha bisibisi kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni hawezi kukiona. Anatazama tena. Anazungusha kidogo kurudi nyuma. Kisha anaishusha kamera na kuachia pumzi aliyokuwa ameibana.

"Mmoja," anasema.

Anaiweka kamera juu ya blanketi lililotandikwa nyasini na kuchukua nyingine. Zimebaki tisa. Inabidi amalize mapema, kwa sababu jua likishapanda hewa ya mashambani huanza kutetemeka, na mlima nao hutetemeka pamoja nayo. Wenye kamera wamekaa chini kidogo ya kilima, wanakula tikiti na kungoja kuitwa.

Zuurakan ana umri wa miaka 62. Anatengeneza kamera za zamani za filamu, zile ambazo mpigaji hatazami kupitia lenzi bali kupitia kidirisha kilicho juu yake. Katikati ya kidirisha hicho kitu kimoja huonekana mara mbili: sura yenyewe, na nyingine hafifu kama kivuli chake. Mpigaji huzungusha lenzi mpaka kivuli kiilalie sura. Vikishalaliana, picha itatoka kali. Visipolaliana, itatoka na ukungu.

Hapa mjini kamera za namna hiyo ni Zorki na FED, zilizojaa majumbani enzi za Kisovieti. Wengine huzikuta kabatini baba anapozeeka. Vijana huzinunua kwenye soko la vitu vya kale siku za Jumapili, huenda nazo nyumbani wakiwa na furaha, na baada ya wiki moja huwa wamesimama mlangoni kwa Zuurakan.

Kutengeneza kamera moja anatoza som 1,500. Mwezi mzuri hupata kamera tatu au nne. Pensheni yake na ya mumewe, aliyekuwa dereva wa trolibasi, basi la umeme la mjini, hulipia chakula na joto la nyumba wakati wa baridi. Yaliyobaki hutoka kwenye kamera.

Yeye mwenyewe anazo 43. Zimepangwa kwenye kabati la vioo sebuleni, mahali ambapo nyumba nyingine huweka vyombo vya chai vya wageni. Hazikai tu pale. Kila moja huipa filamu angalau mara moja kwa mwaka, akaenda nayo sokoni, msibani, kwenye sherehe za ukoo, au uani tu kuwapiga picha majirani wanapofua mazulia.

"Kuna watu wanakusanya ili waangalie," anasema. "Siwalaumu. Ila kwangu kamera isiyopiga picha ni sawa na cherehani isiyoshona. Unaifuta vumbi ya nini?"

Mfano wa cherehani haukuja bure. Alifika mjini akiwa na miaka kumi na tisa, kutoka kwa wafugaji wa At-Bashy, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kiwanda kilikuwa na chama cha wapiga picha, na chama kilikuwa na kamera tatu na fundi mmoja, mzee Rudolf, Mjerumani aliyezaliwa hukuhuku. Mzee aliweza kila kitu cha kamera isipokuwa kimoja: mikono yake ilikwishaanza kutetemeka, hakuweza tena kukata mapazia.

Ndani ya kamera hizi mna mapazia mawili ya kitambaa chepesi chenye mpira, yanayokimbizana mbele ya filamu kila unapofyatua. Ukiiacha kamera juu ya meza lenzi ikitazama jua, jua hulitoboa pazia kama ncha ya sigara, na kuanzia hapo kila picha huwa na doa jeupe. Pazia jipya lazima likatwe sawasawa, lisizidi hata kwa unene wa uzi.

"Akaja kwenye meza yangu ya kushonea," Zuurakan anakumbuka. "Akaniambia, 'Binti, wewe unakata kola mia mbili kwa siku. Nikatie vipande viwili tu.' Nikamkatia. Kesho yake akaja na vingine vinne. Baada ya mwaka nikamwambia, mzee, mimi nakukatia, wewe unanifundisha nini?"

Mzee Rudolf akamfundisha yote. Mwaka 1994 alihamia Ujerumani na wanawe, akamwachia bisibisi zake, mafuta ya mashine na kanuni zake kadhaa. Mojawapo ilikuwa hii: ukitaka kuziweka sawa zile sura mbili, chagua kitu cha mbali, zungusha lenzi hadi mwisho wake, kisha kaza au legeza skrubu mpaka zilaliane. Mbali ni wapi? Mzee alisema chochote kilichozidi mita hamsini, kwa lenzi, ni mwisho wa dunia.

Kwa miaka mingi Zuurakan hakuhitaji hata kukumbuka kanuni hiyo. Anakaa ghorofa ya nne, na dirisha la jikoni lilitazama kusini moja kwa moja. Alikuwa akigeuka tu kutoka mezani, mlima uko pale. Wakati wa baridi, moshi wa makaa unapoufunika mji, aliwaambia wateja warudi mwezi wa Aprili.

Miaka miwili iliyopita jengo la ghorofa kumi na mbili likaota kati ya dirisha lake na milima.

Hakulalamika sana. Watu wanahitaji mahali pa kuishi, anasema, na yeye mwenyewe anakaa katika jengo ambalo lilipojengwa lilimfunika mtu mwingine. Juu ya paa la jengo jipya palikuwa na nguzo ya antena, nyembamba na nyeusi, nzuri kwa kupimia. Sovetbek alihesabu umbali kwa hatua zake, akasema ni kama mita sitini. Hamsini zimepita. Zuurakan akaanza kuelekeza kamera kwenye antena.

Malalamiko yalianza majira ya baridi yaliyofuata, na yalikuja kwa upole. Mteja mmoja alisema picha zake ni nzuri, ila nyuso zimefifia kidogo. Mwingine akasema labda ni filamu. Wa tatu alileta picha ya mchumba wake na kuiweka mezani. Zuurakan akaiangalia kwa kioo cha kukuza. Nywele za kando zilikuwa kali, unaweza kuzihesabu. Masikio makali. Macho yalikuwa na ukungu.

Akaifungua kamera ile upya. Akaipima tena kwenye antena. Sura mbili zikalaliana vizuri kabisa. Akabadilisha lenzi. Akaipiga filamu nzima. Masikio makali, macho yana ukungu.

Kiangazi kilichopita alipanda malishoni kwa kaka yake, Jumadil, akampiga picha mama yao, Anarkul, mwenye miaka 86. Alimkalisha mlangoni pa hema, karibu kabisa, kwa lenzi inayofunguka sana, ile ambayo vijana wanaipenda kwa sababu hufanya nyuma pawe kama maziwa. Alimwambia asitingishike.

Picha zilipofika, mama alizitazama kwa muda mrefu, akaziweka chini.

"Mwanangu," alisema, "nimekaa kama jiwe, hata nzi sikumfukuza, na wewe ukapiga picha ya hereni."

Watu wote hemani walicheka, na Zuurakan naye akacheka. Anasema alitoka nje kwenda kuchota maji, akakaa mtoni mpaka alipoitwa.

"Kosa la kamera ningeliona," anasema. "Ndivyo nilivyowaza. Nimezifungua kamera hizi miaka arobaini. Kama kamera ni nzima na lenzi ni nzima na picha ni mbovu, kilichobaki ni nini? Ni jicho langu. Nadhani zimelaliana, kumbe hazijalaliana."

Mwezi wa Machi mwaka huu alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari, mwanamke mtaratibu, alimpima kwa makini na kumwambia ukweli: mtoto wa jicho ameanza, zaidi upande wa kushoto, kidogo sana kulia. Hakuna haraka. Arudi baada ya miezi sita. Zuurakan aliuliza kama mtu mwenye macho hayo anaweza kufanya kazi ndogondogo. Daktari alisema itategemea, wengine huweza kwa muda mrefu.

"Yeye alisema 'itategemea'. Mimi nilisikia 'basi'," anasema Zuurakan.

Wiki hiyohiyo alimpigia simu Serikkali, mnunuzi wa kamera kutoka Almaty ambaye kwa miaka sita amekuwa akimtania kwamba siku moja atalichukua kabati lake lote. Safari hii Zuurakan hakutania. Alimwambia aje mwezi wa Agosti achukue zote 43, pamoja na bisibisi, mafuta na vitambaa vya mapazia. Akaanza kuwarudisha wateja mlangoni. Akaanza kuzifunga kamera moja moja kwa magazeti na kuziweka kwenye maboksi ya viatu.

Sovetbek hakumkataza. Anaeleza kwamba katika miaka 38 ya ndoa amejifunza kwamba mke wake akikatazwa jambo hulifanya mara mbili. Alichofanya ni kupita sebuleni kila asubuhi akilitazama kabati linavyopungua.

"Sasa hizi zikiondoka," alimwambia siku moja, "wewe utaongea na nani? Maana na mimi huongei."

"Naongea na wewe sasa hivi."

"Hii ni ya leo. Nauliza ya kesho."

Mwezi wa Julai wakapanda malishoni kama kila mwaka. Zuurakan alisema hatabeba kamera. Walipofika na kufungua gunia la mikate, ndani yake, imefungwa kwa taulo, mlikuwa na Zorki yake ya kila siku.

"Nani kaiweka hii?"

"Labda imeingia yenyewe," alisema Sovetbek. "Imezoea safari."

Haikuguswa siku mbili. Siku ya tatu asubuhi, Jumadil alikuja akiwa ameshika FED yake ya zamani, ambayo hukaa sandukuni chini ya matandiko na kutolewa kwenye harusi tu. Zuurakan ndiye aliyeitengeneza, mwaka 2011, na tangu hapo hakuna aliyeifungua.

"Dada, hebu niangalizie. Inafyatuka kwa uvivu, kama inataka kwanza kufikiri."

"Mimi sifanyi tena kazi hiyo, nimekwambia."

"Sikwambii ufanye kazi. Nakwambia uangalie."

Akaichukua. Mkono una mazoea yake: kabla hajafikiri, alikwishazungusha lenzi hadi mwisho na kuipeleka kamera jichoni, kuelekea kilele kilicho ng'ambo ya bonde, mwendo wa siku nzima kwa farasi.

Kilele kilikuwa kimoja.

Aliishusha kamera. Alikifuta kidirisha kwa ncha ya kitambaa cha kichwa, akatazama tena. Kilele kimoja, kikali, kama kimekatwa kwa mkasi. Alikwenda hemani akaleta Zorki. Akazungusha lenzi hadi mwisho, akatazama kilele kilekile. Viwili. Kimoja kilikuwa kimemtokea mwenzake ubavuni, si kwa zaidi ya uzi, lakini viwili. Na lenzi ilikuwa imefika mwisho, haizunguki tena.

Akatazama FED. Kimoja. Zorki. Viwili. FED. Zorki.

Mama Anarkul alikuwa amekaa kivulini akisukasuka kiriba cha maziwa ya farasi. Alimtazama binti yake akipandisha hiki na kushusha kile.

"Sovetbek," aliita, "njoo umwone mkeo. Anakunywa kwenye chupa mbili, na zote hazina kitu."

Zuurakan alimwita Jumadil, ambaye ni mwindaji na humwona mbuzi wa milimani mahali ambapo wengine wanaona mawe tu.

"Shika hii. Angalia kile kilele, palepale katikati. Vingapi?"

"Kimoja."

"Sasa shika hii. Usiguse lenzi. Vingapi?"

Jumadil alikaa nayo kidogo. "Viwili. Kimoja kama kinamchungulia mwenzake."

"Una uhakika?"

"Dada, mimi nahesabu kondoo mia tatu kila jioni, nitashindwa na milima miwili? Kwani wewe unaona vingapi?"

"Kwenye yako kimoja. Kwenye yangu viwili."

"Basi tumeona sawa. Sasa unalia nini?"

Zuurakan alikuwa ameketi chini palepale kwenye nyasi, kamera zote mbili mapajani. Anasema hakulia kwa huzuni wala hasa kwa furaha. Ilikuwa kama mtu aliyebeba ndoo mbili kutoka mbali na mwishowe akaambiwa aziweke chini.

Mengine aliyapanga taratibu, palepale, huku Sovetbek akimsikiliza. Kamera ya Jumadil aliipima kwa mlima, kabla ya jengo. Zorki yake aliifungua mwaka jana na kuipima kwa antena. Jicho lililozitazama ni lilelile. Basi jicho halikudanganya. Antena ndiyo iliyokuwa karibu mno.

Na mzee Rudolf? Zuurakan hapendi isemwe kwamba alikosea. Wakati wa mzee, karibu kila mtu alitumia lenzi ndogo isiyofunguka sana, ambayo husamehe. Kwa lenzi hiyo mita sitini na kilometa arobaini ni kitu kimoja, na picha hutoka vizuri. Lakini kwa hizi zinazofunguka sana, ukimpiga mtu picha kwa karibu, tofauti ya uzi kwenye kidirisha huwa ni upana wa vidole vitatu usoni. Ukali unarudi nyuma. Unaacha macho, unakwenda kukaa kwenye masikio.

"Alinipa kanuni ya lenzi zake," anasema. "Mimi nikaitumia kwa lenzi nyingine. Kosa ni la aliyekuwepo, na aliyekuwepo ni mimi."

Pale malishoni simu hushika mahali pamoja tu, juu ya kigongo, na kwenda huko ni kwa farasi. Zuurakan, ambaye alikuwa hajapanda farasi kwa miaka saba, alipanda. Alimpigia Serikkali wa Almaty.

"Serikkali, mdogo wangu, nisamehe. Siuzi."

"Eje!" alipaza sauti Serikkali, kwa neno wanaloitia dada mkubwa. "Nimeshakodi gari!"

"Najua. Nisamehe."

"Ni bei? Sema ni bei."

"Si bei. Macho yangu ni mazima. Kamera ndizo nilizozipima vibaya. Zote nilizofungua tangu jengo lile liishe."



"Ngoja kwanza," alisema Serikkali. "Na ile Zorki yangu? Uliyonitengenezea mwaka jana?"

"Na hiyo pia."

"Eje, mimi nimenunua miwani kwa ajili ya kamera hiyo! Miwili! Ya kwanza nikadhani daktari amekosea, nikaenda kwa mwingine!"

Zuurakan anasema alicheka mpaka farasi akageuza kichwa kumtazama.

Waliporudi mjini, alianza kazi ya kuwatafuta wateja. Kamera alizozifungua katika miaka hiyo miwili zilikuwa 35, na wengi wa wenyewe alikuwa na namba zao za simu. Aliwaambia wote maneno yaleyale: kamera yako nimeikosea, ilete, sitakutoza kitu. Aliogopa hasira. Alizopata ni chache. Wengi, anasema, walishusha pumzi kama alivyoshusha yeye. Mwalimu mmoja wa shule alikuwa amekwishaamua kwamba hana kipaji. Mzee mmoja alidhani mikono yake inatetemeka. Kila mmoja alikuwa amejilaumu kimyakimya.

Aliyekataa alikuwa mmoja, Ularbek, kijana wa miaka 27 anayepiga picha za harusi kwa filamu na kulipwa vizuri kwa kazi hiyo. Leo amekuja kilimani, lakini kamera yake ameishikilia kifuani kama mtoto anayeogopa sindano.

"Eje, yangu usiiguse," anamwambia Zuurakan zamu yake inapofika.

"Kwa nini?"

"Watu wanazipenda picha zangu hivyohivyo. Macho laini, kama ndoto. Maharusi wananifuata kwa ajili ya hilo. Ndiyo mtindo wangu."

Zuurakan anamtazama. Wenzake waliokaa nyasini wameacha kutafuna.

"Mwanangu," anasema, bila kejeli, "huo si mtindo wako. Hilo ni jengo la jirani yangu."

Kicheko kinachozuka kinawashtua hata ng'ombe walio chini ya kilima. Sovetbek anamwagikiwa na chai. Ularbek mwenyewe anajaribu kununa, anashindwa.

"Sasa maharusi nitawaambia nini?"

"Waambie mwaka huu macho yao yamefunguka. Ukitaka ukungu, zungusha lenzi kidogo upate ukungu wako mwenyewe. Lakini uwe umeuchagua wewe. Lete hapa."

Ularbek anaitoa, na Zuurakan anaitazama kwanza pande zote, anapuliza vumbi, anafungua kiskrubu kidogo kilicho juu. Anasimama kama mwanzo, kiwiko ubavuni. Kijana amesimama nyuma yake, naye amebana pumzi bila kujua.

Daktari atamwona tena mwezi wa Septemba. Zuurakan haendi kwa hofu safari hii, ingawa anajua mtoto wa jicho hajaondoka na hataondoka mwenyewe. Jicho la kushoto huenda likafanyiwa upasuaji mwakani. La kulia, analofanyia kazi, bado lina muda. Akipata nafasi ya kutosha, anataka kuwafundisha kukata mapazia wanawake wawili aliofanya nao kazi kiwandani. Mmoja amekwishaomba kitambaa cha kujaribia.

Mpango wake mwingine ni kilima hiki. Kila mwaka watakuwa wakikutana hapa mara mbili: Aprili, moshi unapoondoka mjini, na Oktoba, kabla watu hawajawasha majiko. Atakayetaka kamera yake ipimwe alete tikiti. Mbali sasa, anasema, itakuwa mbali kweli.

Kufikia saa tatu kamera zote zimekwisha. Mlima umeanza kutetemeka kwa joto. Zuurakan anakunja blanketi, na Sovetbek, kiti kikiwa begani, anaelekeza kidole chini ya kilima, ambako vigingi vyenye utepe mwekundu vimechomekwa katika kiwanja kilichokuwa shamba la mahindi mwaka jana.

"Umeviona vile? Wanakuja na huku. Na jengo likiota hapa je?"

Zuurakan anavitazama vigingi, kisha anainua macho kuelekea kilima kinachofuata, kirefu kidogo kuliko hiki, na njia nyembamba inayopanda ubavuni mwake.

"Tutapanda pale."

"Na pale wakijenga?"

"Tutapanda juu yake," anasema, akiuweka mfuko wa kamera begani. "Beba chupa yako, twende. Siku mguu ukikataa nitakwambia. Jicho halijakataa."